Mwongozo kwa Mgeni Mwenye Haraka Anayekuja Kisangani

Yupo mgeni wa aina moja ambaye Kisangani imemzoea. Anashuka uwanja wa ndege wa Bangoka adhuhuri, begi mgongoni, na ndani ya begi kuna kitabu cha Joseph Conrad. Kesho yake asubuhi anapiga picha ya boti iliyooza ukingoni mwa mto, anapiga picha ya jengo la Kibelgiji lililoota mti juu ya paa, anakula kuku wa hoteli, na jioni anawaandikia rafiki zake kwamba ameufikia moyo wa giza. Amepita katikati ya watu wanaokadiriwa kuzidi milioni moja, na hakuna hata mmoja aliyemjulia hali.

Mwongozo huu ni wake. Ni wako pia, msomaji wa Mombasa, Bujumbura, Dar es Salaam au Muscat, ambaye unaweza kuuona mji huu vizuri kuliko yeye kwa sababu moja kubwa: mtu wa kwanza utakayekutana naye mtaani mtasikilizana bila mkalimani. Kisangani inasema Kiswahili na Lingala kwa pamoja, na Kifaransa cha ofisini juu yake. Kiswahili chake kina mwendo wake, usikisahihishe. Mgeni anayefika kwa watu na kuanza kuwafundisha lugha yao wenyewe hapati chakula wala habari.

Tuanze na kile kitabu. Conrad alifika hapa Septemba 1890 akiwa baharia wa Roi des Belges, meli ndogo ya mvuke, akakaa siku chache tu akashuka tena na mto. Kisa chake kilitoka mwaka 1899, na hadi leo kuna watu wanaoitazama Kisangani kwa macho ya mtu yule wa siku chache. V.S. Naipaul naye alitoa riwaya yake, A Bend in the River, mwaka 1979. Mji wa riwaya ile haukutajwa jina, lakini wasomaji waliutambua. Hao ni waandishi wakubwa na vitabu vyao vina thamani. Lakini hapa vifungie hotelini. Mtu hawezi kusoma na kutazama kwa wakati mmoja, na pale kwenye maporomoko ya Wagenia usipotazama unapokanyaga utaanguka majini.

Jambo la pili: usije ukitafuta bahari, wala usiulizie ufuko wenye vitanda vya kuotea jua. Maji tunayo. Mto Kongo unapita kusini mwa katikati ya mji, Mto Tshopo uliolipa jimbo jina lake unapita kaskazini, na ya tatu ni mvua. Ikweta iko chini ya kilomita 60 kusini, kwa hiyo hatuna kiangazi cha kweli, na mwezi usio na mvua kabisa ni nadra. Acha nyumbani viatu vyeupe. Beba mwavuli, chandarua, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na vivuli vya hati zako zote, maana zitaulizwa zaidi ya mara moja. Daraja, bandari, uwanja wa ndege na askari usivipige picha. Watu waombe ruhusa kwanza. Hilo la pili wageni wengi hulisahau, ilhali kamera isiyobisha hodi inakera kuliko mlevi.

Njia ya kufika, kwa walio wengi, ni ndege kutoka Kinshasa. Barabara ya taifa namba 4, inayotoka upande wa Beni kupitia Mambasa na Bafwasende, inakatiza nchi ambayo vita bado havijaiacha. Uliza hali ya usalama wiki ileile unayotaka kusafiri, si habari ya mwaka jana. Mto wenyewe ni zaidi ya kilomita 1,700 kutoka Kinshasa, na meli zinazosukuma majahazi ya mizigo huchukua majuma kupanda. Watu wanapika, wanauza, wanazaa humo. Mwenye haraka asijaribu. Na asiye na haraka asipande maboti ya mbao yanayoondoka usiku yakiwa yamejaa hadi ukingoni. Mto huu umezika abiria wengi mno kwa sababu ya giza na uzito.

Sasa twende Wagenia, ambako kila mtu atakupeleka.

Mgeni mwenye haraka akifika pale, amesimama juu ya mwamba, maji yananguruma mbele ya miguu yake, na bado anauliza: "Maporomoko yenyewe yako wapi?" Anatafuta ukuta mrefu wa maji kama ule wa Victoria kwenye Zambezi, wenye mita zaidi ya 100. Hapa hautauona. Maporomoko ya Boyoma ni saba, yamepangana kwa takriban kilomita 100 kutoka Ubundu hadi hapa mjini, na yote kwa jumla yanashuka mita 60 hivi. Wagenia ni ya mwisho. Ukuu wake uko katika wingi wa maji: mto mzima unaojiita Lualaba huko juu unapenya kati ya mawe haya, na ukishapita hapa unaitwa Kongo, kisha hakuna kizuizi kwa meli mpaka Kinshasa. Jifunze kutazama kwa upana.

Kisha tazama miti. Magogo makubwa yamesimikwa ndani ya matundu ya mwamba, katikati ya mkondo, yakaegemezana kwa miguu mitatu mitatu na kufungwa kwa kamba za msituni. Kutoka kwenye dungu hilo inaning'inia migono, vikapu vikubwa vyenye umbo la faneli, mdomo wake ukiangalia maji yanakotoka. Samaki anayebebwa na kasi ya mkondo anaingia kwa mdomo mpana, anasukumwa hadi nchani, hawezi kugeuka. Hakuna chambo wala ndoano. Nguvu za mto ndizo zinazofanya kazi, na akili ya Wagenia, wavuvi wa hapa, ni kujua mto unapita wapi kwa nguvu ipi, mwezi gani. Maji yakipanda wanahamisha, yakishuka wanahamisha tena. Kila mgono una mwenyewe na kila mahali pana ukoo wake.

Simama hapo mpaka vijana waje kutazama mitego. Utawaona wakipanda magogo yaliyoloa wakiwa peku, wakivuta mgono mzito kwa mikono, mwingine akiogelea kuvuka mkondo ambao ungekuchukua wewe kabla hujapata nafasi ya kupiga kelele. Usiwaige. Wamekua humo. Mgono mwingine unatoka na samaki mkubwa wa kubebwa mabegani, mingine mingi inatoka mitupu, na wanairudisha majini palepale bila kulalamika. Mwenye haraka huondoka baada ya mgono mtupu wa kwanza, akiwa amepata picha aliyoitaka. Wewe kaa. Nenda alfajiri, rudi alasiri.

Kuna malipo. Pale kijijini utaelekezwa kwa wazee, nao watakutajia kiasi. Sema kwa adabu:

"Jambo, papa. Tumekuja kuwasalimia na kuona maji."

"Jambo sana. Munatoka wapi?"

"Tanzania, papa."

"Karibuni. Muikale kwanza."

Ukiambiwa ukae kwanza, kaa. Bei itazungumzwa ukiwa umeketi, na itazungumzwa vizuri. Nimewaona watu waliolipa dola mamia kwa tiketi ya ndege wakibishana na mvuvi juu ya franga ambazo hazifiki bei ya chupa mbili za bia. Hiyo ni aibu, na naisema hivyo. Magogo yale hukatwa msituni, huburutwa, husimikwa kwa nguvu za watu wengi, na mafuriko makubwa yakija hubeba kazi ya miezi. Unacholipa ni sehemu ndogo ya gharama ya kuendelea kuwepo kwa kile ulichokuja kukiona. Afadhali ununue na samaki.

Ukiwa bado juu ya mwamba, pata na historia kidogo, maana ilianzia hapa. Henry Morton Stanley alipita Januari 1877 akipigana na watu wa mto, akarudi Desemba 1883 akaweka kituo. Lakini wafanyabiashara wa pwani walikuwa wameshaufikia mto. Mwaka 1887 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alimfanya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, mzaliwa wa Zanzibar tunayemwita Tippu Tip, kuwa liwali wa Stanley Falls, kama palivyoitwa hapa wakati ule. Mgeni wa kutoka Unguja anayefurahi kusikia Kiswahili mbali kiasi hiki na bahari afurahi, ila ajue pia kilikuja na msafara gani: msafara wa pembe za ndovu na wa watu waliofungwa minyororo. Nyumba ya Tippu Tip bado iko Mji Mkongwe na wageni huonyeshwa mlango wake. Anayeutazama mlango ule kwa kustaajabia nakshi angekuja huku auone upande wa pili wa hesabu.

Maporomoko hayo ndiyo sababu ya reli. Kwa kuwa meli haziwezi kupita, Wabelgiji walijenga njia ya kilomita 125 hivi kutoka ng'ambo ya Lubunga hadi Ubundu, ikamalizika mwaka 1906. Inakata ikweta njiani. Usiagize tiketi kwa tarehe maalumu. Nenda Lubunga hata kama hakuna treni: utavuka kwa mtumbwi, kwa sababu mto huu hapa hauna daraja, na ni ukiwa katikati ya maji ndipo utakapouona mji ulivyojipanga ukingoni, na kanisa kuu la Mama wa Rozari likisimama mbele.

Mji una manispaa sita: Makiso, Tshopo, Kabondo, Mangobo, Kisangani na Lubunga. Mgeni mwenye haraka anaijua Makiso peke yake, kwa kuwa ndiko kuliko hoteli na benki. Kuzunguka kwake zamani ilikuwa ni toleka, baiskeli ya abiria yenye kiti chenye mto nyuma. Miaka ya vita, mafuta yalipoadimika na barabara zikafungwa, baiskeli ndizo zilizobeba mji huu, pamoja na mihogo, wagonjwa na maiti zake. Leo pikipiki zimechukua sehemu kubwa ya kazi. Ukiiona toleka, panda. Kama una mwili mkubwa, ongeza nauli kabla hujaombwa.

Ukifika upande wa Tshopo, shuka uangalie maporomoko ya mto huo na kituo cha umeme kilichojengwa wakati wa Wabelgiji. Mashine zake ni tatu, na mara nyingi si zote zinazozunguka. Basi mgeni asishangae chumba kikizima saa mbili usiku, wala asimfokee kijana wa mapokezi, ambaye nyumbani kwake huenda kumekuwa na giza toka juzi. Mji umekaa kati ya mito miwili yenye nguvu, na mama anauza mandazi kwa mwanga wa simu. Hilo linanikasirisha kila nikiliona, na ningependa likukasirishe na wewe.

Chakula. Omba lituma. Ndizi za kupika huchemshwa, zikapondwa kwenye kinu mpaka zishikane, zikafinyangwa donge. Inaliwa na samaki wa liboke aliyepikwa ndani ya majani, au na kuku, na pondu pembeni, ambayo wengine mnaiita sombe au kisamvu. Asiyekula lituma hajafika Kisangani, hata kama pasipoti yake ina muhuri. Jioni kuna kamundele kando ya barabara, nyama za vijiti zenye pilipili, na muziki kila kona. Koffi Olomide alizaliwa mji huu mwaka 1956, Abeti Masikini miaka miwili kabla yake. Ukitaka kuanzisha ubishi utakaokesha, uliza yupi kati yao ameupa mji heshima zaidi, kisha nyamaza usikilize.

Wapenzi wa filamu wana lao. John Huston alipiga sehemu ya The African Queen kwenye Mto Ruiki, kusini mwa mji, na filamu ikatoka mwaka 1951 na Katharine Hepburn ndani yake. Miaka michache baadaye akaja Audrey Hepburn kwa The Nun's Story. Hepburn wawili, wala si ndugu. Ila mwongozaji wa kumtafuta ni mtoto wa hapahapa, Dieudo Hamadi, na nitamrudia.

Sasa Lumumba. Patrice Lumumba alikuwa karani wa posta katika mji huu ulipoitwa Stanleyville. Hapa ndipo alipojifunza siasa kwenye vyama na vilabu vya Wakongo wenye elimu ya Kifaransa, hapa alikamatwa mwaka 1956, na hapa chama chake cha MNC kilikutana Oktoba 1959, mkutano ulioishia kwa ghasia, watu kuuawa, na yeye kutiwa ndani tena. Alitolewa kifungoni Januari 1960 apelekwe Brussels kujadili uhuru. Na alipopinduliwa kwenye uwaziri mkuu, alikuwa njiani kurudi huku kwa wafuasi wake pale askari walipomkamata, tarehe 1 Desemba 1960. Hakufika. Juni 2022, jino lake, kiungo pekee kilichobaki baada ya wauaji kuuyeyusha mwili wake kwa asidi, lilirudishwa na Ubelgiji na kupitishwa Kisangani kabla ya kuzikwa Kinshasa. Ukikutana na mzee mwenye umri wa kutosha, msalimie, mwache achague mwenyewe kama anataka kuzungumzia miaka ile. Mwaka 1964 waasi wa Simba waliuteka mji, na Novemba askari wa miavuli wa Kibelgiji wakashushwa na ndege za Kimarekani. Vitabu vingi vya nje vinahesabu mateka wa Kizungu waliokufa kwa majina. Wakongo waliokufa miezi ileile ni maelfu, na majina yao yamebaki kwa familia.

Hapa naomba mwenye haraka apunguze mwendo kabisa.

Kati ya tarehe 5 na 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda, yaliyokuwa yameingia Kongo kama washirika, yalipigana yenyewe kwa yenyewe ndani ya Kisangani kwa mizinga. Mji haukuwa wa yeyote kati yao. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulitaja raia zaidi ya 760 waliouawa, wapatao 1,700 waliojeruhiwa, na nyumba zaidi ya 4,000 zilizoharibiwa au kubomolewa. Wenyeji wengi wanaamini waliokufa walizidi 1,000. Watu wa Kisangani wanaviita Vita vya Siku Sita. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliikuta Uganda na hatia ya kuvunja sheria za kimataifa nchini Kongo mwaka 2005, na Februari 2022 ikaiamuru ilipe dola milioni 325 kwa madhara ya vita vyote. Rwanda haikuhukumiwa, kwa kuwa mahakama ilisema haina mamlaka juu yake katika kesi nyingine iliyofunguliwa dhidi yake.

Wapo wanaotembea mjini leo kwa magongo na miguu ya bandia kwa sababu ya siku hizo sita. Hamadi alikwenda nao. Filamu yake En route pour le milliard, iliyochaguliwa na tamasha la Cannes mwaka 2020, inawafuata wahanga hao wakishuka na mto hadi Kinshasa kudai fidia waliyoahidiwa. Itazame kabla hujanunua tiketi. Kisha yatembelee makaburi ya waliokufa, uende na mwenyeji, uvae kwa heshima, na simu ikae mfukoni.

Ukibakiwa na siku, shuka na mto hadi Yangambi, kama kilomita 100 magharibi. Wabelgiji waliweka pale kituo kikubwa cha utafiti wa kilimo miaka ya 1930, na leo ni cha INERA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo. Kuna hifadhi ya mimea mikavu yenye sampuli zipatazo 150,000, na msituni umesimama mnara wa mita 55 unaopima hewa ya kaboni inayoingia na kutoka kwenye miti. Dunia nzima inazungumzia msitu wa Kongo kama pafu lake. Hapa utawakuta Wakongo wanaolipima pumzi. Kusini, Opala, ndiko watafiti walikomwona mwaka 2007 kima akifugwa nyumbani kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, kima ambaye vitabu vya sayansi havikuwa naye. Wenyeji walikuwa wakimwita lesula tangu zamani. Alitangazwa rasmi mwaka 2012, na Hifadhi ya Taifa ya Lomami ikaanzishwa mwaka 2016. Wawindaji wa Opala walimjua kabla ya maprofesa, na hilo lingepaswa kuandikwa kwenye kila kitabu cha wageni.

Ombi la mwisho ni kwako unayesoma Kiswahili. Kisangani ina chuo kikuu tangu 1963, na watoto wengi wanaocheza, wanaobishana na wanaopendana kwa Kiswahili, lakini kitabu cha Kiswahili ni adimu madukani kuliko simu mpya. Ukija, punguza nguo kwenye sanduku na uweke vitabu: hadithi za watoto, riwaya, magazeti ya mwezi uliopita. Viache shuleni, viache kwenye nyumba uliyolala, umpe kijana wa toleka. Na kaa angalau juma zima.